Blanketi Lililongoja Msimu

Kwa karibu miaka mitatu niliishi nyumba moja na mkwe wangu bila kumtazama usoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa fleti huko Euless, Marekani, karibu mno na uwanja wa ndege hata vikombe viligongana kabatini ndege zikishuka. Majirani wetu wengi walifanya kazi huko huko uwanjani, wengine wakipakia mizigo, wengine wakiendesha magari ya abiria. Kazi zao niliweza kuwaeleza watu wa nyumbani. Ya mkwe wangu ilinishinda. Nilipompigia dada yangu simu nikamwambia kwamba mume wa binti yangu ni mchezaji wa kulipwa wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa rungu, alishangaa.

"Mwanaume mzima anacheza," alisema. "Halafu anakula nini?"

"Anacheza ndipo anakula."

"Haya. Mungu ana njia nyingi."

Ninamshukuru Mungu kwa njia hizo, na kwa kunifikisha Marekani mwaka 2017 nikiwa na nguvu za kumlea mjukuu wangu wakati binti yangu akienda zamu zake za uuguzi. Lakini kuna jambo moja la miaka ile ambalo kila nikilikumbuka moyo unakuwa mzito, nalo linahusu kazi ya mkwe wangu na blanketi.

Alizaliwa Houston, akalelewa na mama yake peke yake. Alianza kulipwa kwa kucheza mpira akiwa kijana, siku chache tu baada ya mama huyo kufariki. Hakufika kwenye ligi kubwa zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Alizunguka na basi za timu katika miji midogo, mwaka hadi mwaka, kazi yake ikiwa ni ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago cha chuma na glavu nene, akidaka kila mpira unaorushwa. Mtu anayechuchumaa tangu ujana hadi anapoanza kuota mvi, magoti yake hayawezi kubaki mazima. Nilipofika, alikuwa akimalizia msimu wake wa mwisho wa kucheza na timu ndogo iliyo kati ya Dallas na Fort Worth. Nilijua amerudi nyumbani niliposikia barafu ikimwagwa kwenye mifuko. Alikaa sebuleni, mfuko mmoja kila goti, nami nilikuwa chumbani kwangu na mlango umefungwa.

Lazima nieleze kwa nini mlango ulifungwa. Kwetu milimani, kaskazini mwa Tanzania, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawali meza moja. Hawapeani mkono, hawatazamani machoni, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani kumpisha mwenzake. Si chuki. Ni heshima iliyo kubwa kuliko nyingine zote, kwa sababu huyu ndiye aliyemchukua binti yako, na baina yenu kuna mambo ya utu uzima yasiyostahili kutazamwa. Nimesoma chuo cha Biblia na nimefundisha darasa la kipaimara kwa miaka mingi. Najua vizuri kwamba Injili haikuamuru jambo hilo. Mkubwa wa mitume alikuwa na mama mkwe nyumbani mwake, na homa ilipomtoka mama yule aliinuka akawahudumia wote, mkwe wake akiwemo. Somo hilo nimelifundisha mara nyingi, kisha nikarudi nyumbani nikajificha kwenye mahindi kumkwepa mume wa binti yangu mkubwa. Imani ilikuwa moyoni, lakini haya ilikuwa miguuni.

Hata hivyo heshima hiyo ina mlango wake. Mkwe akitaka kuwa kama mtoto wa kuzaa, huleta blanketi. Humfunika mama mkwe mabegani mbele ya mashahidi, kisha wanaketi wanakula pamoja, na tangu siku hiyo haya inakwisha. Mume wa binti yangu mkubwa alileta lake baada ya mavuno ya pili, na sikujificha tena kwenye mahindi. Sharti lake ni moja tu, kwamba mama hawezi kuliomba. Mama anayeomba blanketi ni kama anatangaza kwamba nyumba ya binti yake ina baridi. Neno lazima lipitie kwa mshenga.

Mshenga wetu alikuwa mzee wa usharika wa Watanzania huko Fort Worth, mtu mwema na mcheshi, mhasibu wa hospitali. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mshenga na shemeji zangu walipanga mahari kwa simu, na kila kitu kilifika: mkaja, vitenge, sukari, hata mbuzi alinunuliwa huko huko kijijini. Blanketi peke yake waliliacha. Mshenga aliwaambia shemeji zangu kwamba mama yuko Tanzania na bwana harusi yuko Marekani, watakutana wapi hata waoneane haya? Walikubaliana naye, na hata mimi niliposikia niliona amesema kweli. Hakuna aliyejua kwamba baada ya miaka michache nitakuwa nikilala chumba kinachopakana na chao.

Mwaka ule wa kwanza nilijaribu kumdokezea mshenga, tulipokuwa tunakunywa chai baada ya ibada. Nilimwambia kwamba kuna kitu kilisahaulika kwenye mambo ya mkwe wetu, kitu cha kujifunika. Alicheka.

"Mama, nyumba za huku zina hita."

Nikamwambia sizungumzii baridi. Akaacha kucheka, akasema ameelewa na atalishughulikia. Nadhani siku ile alielewa kweli. Lakini alikuwa mtu wa kazi mbili, na kila Jumapili palikuwa na msiba wa kuchangia au mgeni wa kupokea uwanja wa ndege. Nami sikumkumbusha, kwa kuwa kukumbusha ni kuomba.

Binti yangu hakujua habari za blanketi. Alisoma shule za bweni tangu utotoni, akaenda chuo Dar es Salaam, akaja huku. Katika mila yetu yeye aliujua ukuta tu, mlango hakuujua. Alimweleza mumewe kwamba kwetu hivyo ndivyo wakwe wanavyoheshimiana. Nilipomuuliza kama mwenzake ameudhika alinijibu, "Mama, usi-worry, ana-understand." Na mkwe wangu alijitahidi kwelikweli. Alijifunza kusema shikamoo, akawa ananiamkia akiwa upande wa pili wa ukuta, nami namwitikia marahaba nikiwa upande wangu. Kabla ya kuingia jikoni aligonga ukuta kwa kidole ili nipate nafasi ya kuondoka.

Majira yale ya joto aliweka tiketi ya mchezo juu ya meza ya jikoni, chini ya kopo la chumvi. Binti yangu alinisihi niende, akanionyesha kwenye simu yake video ya mumewe akiwa kazini. Nilimwona amechuchumaa kwenye vumbi amevaa suruali nyeupe iliyombana kama soksi. Alikuwa akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda pembeni. Alijikuna mahali ambapo mkwe hajikuni. Nikamrudishia binti yangu simu.

"Mwanangu, haiwezekani. Huyo ni mkwe wangu."

Alicheka hadi akashika sinki. "Mama, kila mtu anavaa hivyo."

"Kila mtu si mkwe wangu."

Nilipoona amecheka nikaogopa kwamba nimeidharau kazi inayotulisha, basi nikamuuliza kama mumewe atacheza hivyo hadi uzeeni. Akasema hapana, ndoto yake ni kuwa kocha, na mwishowe meneja wa timu. Hapo nilifurahi kutoka moyoni. Meneja nilimjua. Kwetu meneja wa benki huvaa suti, na hata makocha wa mpira wa miguu niliowaona kwenye televisheni walisimama kando ya uwanja wakiwa na suti na tai. Nikamwambia, "Siku akiwa meneja nitakwenda. Nitakaa mbele kabisa."

Nilisema kama shukrani. Usiku ule, kupitia ukutani, nilisikia binti yangu akimweleza mumewe maneno yangu. Kisha nikamsikia mkwe wangu akimwomba ayarudie.

Sikujua jinsi alivyoyashika. Mwaka uliofuata hakucheza tena, timu ikamfanya kocha wa kusimama karibu na kituo cha tatu, kimoja cha vituo vinne ambavyo wachezaji huvizunguka mbio. Mtu huyo huwaelekeza wachezaji kwa ishara za mikono ili wapinzani wasijue wanachoambiwa. Hugusa kofia, sikio, kifua na kiwiko, na katika hizo zote moja tu ndiyo yenye maana. Mjukuu wangu alizipenda ishara zile kuliko wanasesere wake. Nikimsemesha Kiswahili alinijibu Kiingereza, lakini ishara za baba yake tulizielewa sote watatu. Baba akigusa kofia mara mbili, mtoto alikuja mbio chumbani kwangu akagusa kichwa chake mara mbili, nami nikajua jikoni pako wazi, naweza kutoka. Akivuta sikio, maana yake anakaribia kula, nibaki ndani. Nami nilijibu kwa kiwiko kwamba nimesikia. Binti yangu alitutania kwamba nyumba yake imekuwa uwanja, na mimi ndiye mchezaji asiyetoka kituoni.

Tulicheka kila mtu upande wake wa ukuta. Leo naona kwamba kicheko kile kilitudanganya. Mimi nilidhani kwa kucheka pamoja anajua nampenda. Yeye alikuwa akihesabu hatua za kupanda cheo.

Katika majira ya kupukutika majani mwaka 2019, meneja wa timu yao alipata kazi kwenye timu nyingine, na wenye timu wakampa mkwe wangu nafasi ile, aanze na msimu wa mwaka unaofuata. Siku hiyo hakugonga ukuta. Aliingia jikoni moja kwa moja nilipokuwa namenya ndizi, akasimama karibu na jokofu, akasema kwa Kiingereza cha polepole ili nielewe, "Mama, mimi ni meneja sasa. Utakuja?"

Nilizitazama ndizi. "Nitakuja, baba, Mungu akipenda."

Alisema asante mara kadhaa, akatoka. Jioni nilimuuliza binti yangu suti ya mumewe itashonwa wapi, maana mwili wake si wa kununua nguo zilizoning'inizwa dukani. Binti yangu akaacha alichokuwa akifanya.

"Mama, kwenye besiboli meneja anavaa jezi. Kama wachezaji."

"Hata suruali?"

"Hata suruali."

Nilikaa kitini. Nikauliza ni mchezo gani huo ambao mkubwa huvaa kama vijana wake. Alikuwa akijizuia kucheka, kisha akaona uso wangu na hakucheka. Nimelifikiri jambo hilo sana tangu wakati ule, na sasa naliona kuwa jema, anayeongoza avae kama anaowaongoza, achafuke kama wao. Lakini jioni ile niliona tu kwamba nimeahidi nisichoweza.

Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwezi wa Novemba, tulikwenda Houston kwa mama mkubwa wa mkwe wangu, dada wa marehemu mama yake. Njia nzima mkwe wangu aliendesha gari, nami nilikaa nyuma yake na mjukuu wangu, nikiona kisogo chake tu. Mama mkubwa alikuwa mwanamke mrefu, mshirika wa kanisa la Kibaptisti, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo. Nyumba yake ya matofali ilikuwa imeingiliwa na mafuriko miaka miwili iliyotangulia, na nyuma ya kochi ukutani bado palikuwa na alama ya maji. Alitandika meza kubwa akatuita wote. Nilichukua sahani yangu nikaenda kula jikoni, nimesimama. Alinifuata, akafunga mlango.

"Dada," alisema, "mtoto wetu amekukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea chochote. Akasema, basi acha yeye anieleze. Mama wa mtoto huyu alikuwa akikaa upande wa kituo cha tatu kila mechi aliyocheza utotoni, mvua au jua, na alifariki kabla ya kumwona akilipwa hata mara moja. "Tangu ulipokuja, alidhani Mungu amempa mama mwingine wa kukaa pale. Lakini anasema humtazami. Anadhani unamwona anacheza mchezo wa kitoto, na kwamba akipanda cheo utamtazama. Ndiyo maana ameitafuta kazi hii kama kichaa, na magoti yale."

Maneno hayo yaliniingia kama baridi ya alfajiri. Nilitafuta Kiingereza changu chote nikamweleza: heshima ya kwetu, mshenga, blanketi, na kwamba mama haombi. Yeye alikuwa upande wa mama wa mkwe wangu, kwa hiyo kumwambia hakukuwa kuomba. Alisikiliza hadi mwisho, mkono mmoja shavuni.

"Blanketi tu?"

"Blanketi tu."

"Miaka yote hii, dada, kwa blanketi?"

Alitoka, akarudi na blanketi la kijani lenye mirabamiraba, bado lina harufu ya kabati. Akaliweka juu ya kaunta. Akasema lile lilinusurika mafuriko, linafaa, amwite mtoto sasa hivi tumalize. Nilitaka sana iwe hivyo. Moyo wangu ulikwisha kusema ndiyo.

Akamwita nje. Kupitia dirishani niliwaona wamesimama kando ya gari. Mama mkubwa alikuwa anazungumza kwa mikono yote miwili, na mkwe wangu alishika kichwa, akageuka, akaweka paji la uso juu ya paa la gari. Waliporudi ndani alisimama kwenye mlango wa jikoni, na mama mkubwa akasema kwa niaba yake. Blanketi ataleta. Lakini hataleta la kabatini. Amesubiri sana, na anataka kufanya inavyostahili: siku ya kwanza ya msimu wake, mwezi wa Mei, juu ya majani ya uwanja, mbele ya watu wote, blanketi lenye rangi za timu. Halafu mimi nikae upande wa kituo cha tatu niangalie mchezo wake wa kwanza kama meneja, nikiwa nimejifunika.

Suruali haikuwa tatizo tena. Mkwe aliyeleta blanketi ni mtoto, na mama humtazama mwanawe hata akiwa amevaa nini.

Wakampigia mshenga simu palepale, sauti ikasikika jikoni nzima. Mwanzoni mshenga aliona aibu kubwa, akaniomba radhi mara nyingi. Aliposikia habari za uwanja, sauti ikachangamka.

"Mama, shughuli bila mashahidi si shughuli. Tungoje Mei. Nitaleta kwaya."

Ningesema nini? Kijana alikuwa mlangoni na uso umejaa furaha ambayo niliiona hata bila kumtazama. Nikasema tungoje. Mama mkubwa peke yake ndiye aliyebaki amelishika lile blanketi la kijani. "Lichukueni hili kwanza," alisema. "La sherehe litakuja na sherehe." Tulimcheka kwa upendo, na tulipoondoka alilikunja akalirudisha kabatini.

Miezi ile ya baridi ilikuwa mizuri. Bado hatukula pamoja, kwa kuwa tulikuwa tunaingoja siku, lakini kungoja kwenyewe kulikuwa na utamu. Akigonga ukuta aligonga kwa mdundo. Binti yangu aliniambia mumewe anaandika na kufuta mpangilio wa wapigaji wake kila jioni, anaupanga kama mtu anayepanga meza ya harusi. Mshenga alianza kukusanya majina ya watakaokuja. Nami nilianza kujifunza sheria za mchezo kwa mjukuu wangu, ambaye alikuwa mwalimu mkali.

Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ukafika. Binti yangu alikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa ugonjwa huo, na aliogopa kuniletea maambukizi nyumbani. Wakanihamishia Grand Prairie kwa mjane mmoja wa usharika wetu aliyekuwa na chumba cha ziada. Tulisali kwa video, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Mwezi Mei ukapita bila msimu kuanza. Wakasema utaanza Julai. Kisha wakasema mwaka huu hakuna kabisa, na wenye timu wakafunga ofisi na kuwaaga wafanyakazi wote, meneja akiwemo. Alinipigia mwenyewe.

"Mama, hakuna msimu."

Nilimjibu kwamba Mungu hakosi majira yake. Ni kweli, na nimelihubiri, lakini halikuwa neno la kumwambia mtu saa ile. Alihitaji mtu wa kunyamaza naye. Akasema amina, kwa adabu, akaniaga. Wiki iliyofuata alianza kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, kubeba maboksi kwa magoti yale.

Siku moja mwishoni mwa Julai wenye uwanja walimwita akachukue vitu vyake. Aliomba ruhusa aje na watu wachache, wakakubali. Mshenga alinifuata kwa gari lake, madirisha yote wazi, sote tumevaa barakoa. Tulipofika, joto lilikuwa limesimama juu ya lami kama mtu. Ndani, majani ya uwanja yalikuwa yameanza kuota hovyo, na viti vilikuwa vitupu hadi juu.

Mkwe wangu alikuwa akitungoja kwenye nyasi, peke yake; binti yangu bado aliogopa kunikaribia kwa sababu ya wodi yake. Alikuwa amevaa suti.

Ilikuwa suti ya kijivu, mpya, na tai. Binti yangu alikuwa amemsimulia swali langu la mwaka uliopita kuhusu mshonaji. Jasho lilikuwa likimtiririka masikioni. Nadhani katika historia yote ya mchezo ule hakuna mameneja wengi waliosimama uwanjani wakiwa wamevaa hivyo, na huyu alikuwa hana timu. Mkononi alikuwa na blanketi la buluu lenye mshono mwekundu. Alikuwa ameliagiza tangu Januari.

Mshenga alisema maneno machache. Hakuwa na kwaya, na kicheko chake kilikuwa kimemtoka. Mkwe wangu alisogea, akanyoosha mikono hadi mwisho ili asinikaribie sana, akaniwekea blanketi mabegani. Lilikuwa zito, na jua lile lilitaka kuniangusha. Niliinua macho nimtazame usoni kwa mara ya kwanza, kwa haki yangu yote. Nikaona barakoa na macho mawili mekundu.

Tulikaa upande wa kituo cha tatu, mimi mbele kabisa kama nilivyoahidi, yeye viti kadhaa pembeni. Nikamwomba anionyeshe kazi ya meneja. Akasema sehemu kubwa ni kukaa na kungoja. Halafu akafikiri kidogo, akasema kuna jambo moja: mrushaji akichoka, meneja ndiye anayekwenda kumtoa. Akashuka. Alitembea polepole, magoti yakimkataa, kutoka kwenye kibanda cha wachezaji hadi kwenye kichuguu kidogo katikati ya uwanja, anaposimama mrushaji. Akasimama pale, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, kama anayepokea mpira kwa mtu. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akafunga kiganja, akarudi.

Mshenga alikuwa na kuku na chapati alizofunga mkewe. Tukala, kila mtu kwenye kiti chake. Alipovua barakoa ili ale, ndipo nilipomwona. Kidevu cha mjukuu wangu kilitoka kwake, na juu ya mdomo alikuwa na kovu dogo ambalo sikuwa nimelijua. Aliniambia shule moja ya Houston imempa kazi ya kufundisha watoto kudaka, na kwamba wao watatu watahamia kule kabla ya masomo kufunguliwa, karibu na mama mkubwa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilimaanisha. Kisha tukanyamaza, safari hii nilijua kunyamaza.

"Mama," alisema baadaye, akitazama uwanja. "Kama msimu ungekuwapo. Na ile suruali. Ungekuja?"

"Ningekuja, mwanangu. Ningekuja hata mwaka ule wa kwanza, kama hata lile la kijani lingekuwa mabegani mwangu."

Alitikisa kichwa. Chini ya kiti chake palikuwa na maganda ya alizeti ya msimu uliopita, ya mtu tusiyemjua. Aliinama akayaokota moja moja, akayatia mfukoni mwa suti.